Hamira, mwani wa bwawa au amiba wa udongo? Kuchagua kiumbe cha kuonyesha jinsi fizikia inavyofinyanga mwili

Una klabu ya sayansi Kisumu, au mradi wa mwaka wa nne chuoni Njoro au Maseno, na unataka watu waone kwa macho yao kwamba mwili wa seli nyingi haukufinyangwa na jeni peke yake: uzito, maji na mkazo navyo vilitia mkono. Viumbe vitatu vinafaa kwa vifaa tulivyo navyo: hamira, mwani wa ukoo wa Volvox, na amiba wa udongo aitwaye Dictyostelium. Kila kimoja kinaonyesha nguvu tofauti, na kila kimoja kina joto lake. Hilo la joto ndilo husahaulika, kisha lawama zinatupiwa mbegu au maji.

Kwa mwenye haraka: uko Kisumu, Siaya au Busia na una miezi miwili, chukua hamira. Uko Nakuru, Kericho au Eldoret na una maabara ya chuo, Dictyostelium atakaa vizuri bila mashine ya kupoza. Una wiki moja na hadubini moja tu, nenda bwawani ukatafute mwani.

Amua kwanza nguvu unayotaka ionekane

Chembe ndogo iliyoyeyuka majini, ikisambaa yenyewe bila kusukumwa, huvuka mikromita 10 kwa takriban sekunde 0.1. Mikromita 100 huichukua sekunde 10 hivi. Milimita moja ni kama sekunde 1,000, robo saa na ushei. Umbali ukizidi mara kumi, muda unazidi mara mia. Kwa hiyo fundo la seli haliwezi kunenepa tu kama ugali unavyopanda sufuriani. Seli za katikati zitakosa hewa na chakula. Mwili unaotaka kuwa mkubwa itabidi uwe mwembamba, au uwe na uwazi ndani, au usukume maji kwa nguvu zake.

Jambo la pili ni namna seli zinavyokuja kuwa pamoja. Kuna watoto wasiohama boma la mama, na kuna wageni wanaokutana soko la Kibuye kwa sababu wote wana njaa. Hamira na Volvox ni wa boma. Dictyostelium ni wa soko. Tofauti hii inaamua umbo, na inaamua pia kama ndani ya mwili kutakuwa na wadanganyifu.

Hamira: inayoonyesha mageuzi yenyewe yakitokea

Jaribio mama lilichapishwa mwaka 2012 na William Ratcliff na wenzake nchini Marekani. Walikuwa na mistari 10, yaani koo zilizokuzwa kila mmoja kivyake, ya Saccharomyces cerevisiae (jina la kisayansi la hamira), kila mmoja katika mililita 10 za mchuzi wa kukuzia, ikitikiswa kwa nyuzi 30. Kila baada ya saa 24 tyubu zilisimamishwa wima kwa dakika 45, kisha mikrolita 100 za chini kabisa, sehemu moja kwa mia, ndizo zilizohamishiwa mchuzi mpya. Zilizochelewa kuzama zilimwagwa. Ndani ya siku 60 mistari yote 10 ilikuwa imejaa vishada vya seli zilizoshikana.

Wenyewe waliviita vishada vya theluji. Kwetu mfano wa karibu zaidi ni mpungate: kila jani limechipuka kwenye jani jingine na halibanduki. Jeni iitwayo ACE2 ikiharibika, vimeng'enya vya kukata ukuta kati ya mama na binti havitengenezwi, na binti anabaki ameganda palepale alipozaliwa.

Kwa nini kuzama kunachagua ukubwa? Piga hesabu ubaoni. Kasi ya kuzama huongezeka kwa mraba wa nusukipenyo. Seli moja ya hamira yenye kipenyo cha mikromita 5, ikiwa nzito kuliko maji kwa asilimia 10, huzama mikromita 1.4 kwa sekunde, yaani milimita 4 hivi kwa dakika 45. Mililita 10 katika tyubu yenye upana wa milimita 14 kwa ndani ni safu ya sentimita 6.5. Seli iliyokuwa juu haina lake. Kishada chenye kipenyo mara kumi kingeenda mara mia, ingawa kwa kuwa kina mianya mingi huenda polepole kidogo kuliko hesabu hiyo. Hata hivyo kinafika chini mapema na kusubiri.

Hapa ndipo mji wako unapoingia. Mnato wa maji, yaani jinsi yanavyokizuia kitu kinachozama, kwa nyuzi 20 ni milipaskali-sekunde 1.0, na kwa nyuzi 30 ni 0.8. Dakika 45 za chumba cha Nakuru chenye nyuzi 20 ni sawa na dakika 36 za alasiri ya Kisumu. Ukitumia dakika 45 Kisumu bila kurekebisha, unalegeza mchujo, vishada vidogo vinapita, na unangoja wiki za ziada bila kujua sababu. Pima joto la maji yenyewe, si la hewa, na uliandike kila siku.

Mchuzi wa lita moja: gramu 10 za dondoo ya hamira, gramu 20 za peptoni (protini iliyokwisha kumeng'enywa), gramu 20 za glukosi. Kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida hakutoshi. Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi; Nakuru, karibu mita 1,850, ni kama nyuzi 94, na spora za bakteria hucheka tu. Tumia sufuria ya presha. Nayo ujue kwamba kwa kuwa hewa ya Nakuru ni nyepesi, presha ileile ya pauni 15 haifikishi nyuzi 121 za vitabuni bali kama 117, basi acha dakika 30 badala ya 15. Glukosi ichemshwe kwenye chupa yake peke yake, kisha ichanganywe ikipoa. Ikipikwa pamoja na peptoni muda mrefu mchuzi huwa wa kahawia na hamira hukua kwa kusitasita.

Usiku wa Nakuru hushuka chini ya nyuzi 15. Hamira haifi, lakini ndani ya saa 24 haitakuwa imeshiba, na ukihamisha sehemu moja kwa mia kila siku idadi itapungua hadi tyubu ibaki maji matupu. Sanduku la polistirini, balbu ya wati chache na kipimajoto vinatosha. Stima ikipotea usiku mzima, usihamishe asubuhi; ngoja hadi mchuzi uwe mzito kama kawaida.

Kuhamisha ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Shusha ncha ya pipeti katikati ya tyubu bila kugusa ukuta, fika chini, vuta polepole. Ukikwangua ukuta unabeba seli zilizonata kwenye kioo, na baada ya wiki tatu utakuwa umechagua mafundi wa kunata, si wa kuzama. Kizibo kikazwe nusu tu. Gesi ya kaboni ikibanwa inaweza kurusha kizibo, na hata isiporusha, mapovu hupandisha vishada juu wakati unataka vizame. Gonga tyubu kidogo kwa kidole mapovu yatoke kabla ya kuanza kuhesabu dakika.

Weka pia tyubu mbili za kulinganisha ambazo kila siku unazitikisa na kuchukua mikrolita 100 za mchanganyiko bila kusubiri. Bila hizo huna ushahidi kwamba ni kuzama kulikofanya kazi.

Ukiona mabonge, usishangilie bado. Hamira ina njia nyingine ya kuzama: seli zilizokwisha kuachana hushikana upya kwa protini zinazohitaji kalsiamu. Hiyo ni ya soko, si ya boma. Namna ya kutofautisha: chukua mililita moja, ongeza EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu, ifike milimola 50 kwa lita, tikisa, tazama kwa hadubini ukuzaji wa mara 400. Bonge la kalsiamu husambaratika na kuwa seli mojamoja. Kishada cha mpungate hakitikisiki.

Kuhusu hamira ya dukani, ile ya pakiti ya mandazi: inatumika, lakini mara nyingi ina nakala zaidi ya mbili za kila jeni, na ACE2 lazima iharibike kwenye nakala zote ndipo umbo libadilike. Usimwahidi mtu tarehe. Aina ya maabara kutoka chuoni, yenye nakala mbili, ni chaguo bora, na hili si jambo la kubana senti.

Faida ambayo viumbe wengine wawili hawana ni mkazo. Kishada kikiendelea kuchipuka, seli za ndani zinabanana na kusukumana hadi kiungo kimoja kinakatika. Kipande kinaanguka na kuwa kishada kipya. Hakuna jeni iliyopangwa kwa uzazi huo. Ni msongamano tu. Lakini seli zikirefuka zinabanana kidogo, kishada kinakawia kukatika na kinakuwa kikubwa, na mchujo wa kuzama unawapenda hao. Katika mwendelezo uliochapishwa mwaka 2023, baada ya siku 600 za kuhamisha, vishada vilionekana kwa macho matupu, vikubwa mara 20,000 kuliko vya mwanzo, matawi yakiwa yamesukana kama mizizi, na ugumu wake umefikia ule wa mbao. Waliofika huko ni wasiotumia oksijeni. Wanaoitumia walibaki wadogo, kwa sababu oksijeni chache huingia safu za nje tu, na kila unene unaoongezeka ni seli nyingine zinazokosa hewa. Ile hesabu ya sekunde 1,000 hiyo.

Mwani: ngazi nzima ndani ya ndoo moja

Huu hauonyeshi mageuzi yakitokea. Unaonyesha hatua zake zikiwa hai zote kwa wakati mmoja: Chlamydomonas seli moja, Gonium bapa la seli 4 hadi 16, Pandorina fundo la seli 16 kwa kawaida, Eudorina 16 au 32 zenye nafasi katikati, Pleodorina hadi 128, kisha Volvox wenye mamia hadi maelfu. Mabwawa ya samaki ya Kakamega na Vihiga, yenye maji yaliyotulia na mbolea kidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia. Huenda usipate wote siku moja.

Usiingie majini. Kichocho kipo mabwawani na kwenye fuo za ziwa. Tumia ndoo yenye kamba, glavu na gambuti. Wavu wa mikromita 50 unanasa Volvox na Eudorina lakini Gonium wadogo wanapenya, kwa hiyo chukua pia lita moja ya maji yasiyochujwa. Nyumbani, funga mtungi wa kioo kwa karatasi nyeusi, acha tundu la ukubwa wa shilingi upande wa dirisha. Baada ya saa moja mwani unaoogelea utakuwa umekusanyika tunduni, unauvuta kwa pipeti.

Volvox mkubwa hufika nusu milimita au zaidi. Volvox carteri ana seli ndogo zipatazo 2,000 juu ya mpira wa ute, kila moja na mijeledi miwili (vijimkia vya kuogelea), na seli za uzazi zisizozidi 16 ndani. Hitaji la chakula la seli zilizopangwa juu ya ngozi hukua kwa mraba wa nusukipenyo. Msambao peke yake huleta chakula kwa kadiri ya nusukipenyo tu. Mpira ukikua deni linaongezeka. Kundi la Raymond Goldstein lilionyesha mwaka 2006 kwamba mijeledi ikipiga kwa pamoja husukuma maji kiasi cha kuyafanya mapato nayo yafuate mraba. Mijeledi basi si makasia peke yake, ni pampu ya jikoni.

Kuliona hilo ni rahisi. Tone moja la maziwa katika matone 100 ya maji, tone moja la mchanganyiko huo kwenye slaidi karibu na Volvox: vijimafuta vinakimbia kando ya mpira na kugeuka nyuma yake. Kosa la kawaida ni kufunika kwa kioo chembamba moja kwa moja. Nusu milimita inapondeka na darasa linaona uji wa kijani. Paka vaselini kwenye pembe nne za kioo ili kiinuke.

Ukibahatika utaona kiinitete kinavyojigeuza. Baada ya kugawanyika, mijeledi huwa inaelekea ndani. Seli hubadilika kuwa za umbo la kabari, karatasi nzima inapinda na kupita kwenye tundu lake lenyewe kama unavyogeuza soksi, kwa takriban saa moja. Karatasi ya seli inapinda kwa sababu seli zake zimepinda, na hivyo ndivyo viinitete vya wanyama pia vinavyokunja karatasi zao.

Mwani haukai. Ndani ya siku tatu hadi saba jari la maji ya bwawa hugeuka, wala-mwani wanazaana, Volvox wanatoweka. Jua kali la dirishani linawaua haraka zaidi. Kivuli chenye mwanga kinatosha. Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi saa 24 kabla ya kuyaongeza.

Tahadhari moja kubwa kwa watu wa Kisumu: utando wa kijani unaoelea Ghuba ya Winam kama rangi iliyomwagika si Volvox. Mara nyingi ni Microcystis, sianobakteria inayoweza kutoa sumu ya ini. Usiupeleke darasani. Na ule uzi uliojisokota wa Arthrospira wa Ziwa Nakuru, chakula cha heroe wadogo, ni umbo zuri la kuonyesha, lakini ziwa liko ndani ya hifadhi. Bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, usichote hata chupa.

Dictyostelium: wageni wanaojenga mnara

Amiba hawa hula bakteria kila mmoja kivyake. Chakula kikiisha, wanatoa mawimbi ya kemikali iitwayo cAMP, moja kila dakika 6 hivi, wanafuatana kwa mistari, wanakuwa fundo la hadi seli 100,000, wanatambaa kama konokono asiye na gamba, kisha wanasimamisha shina lenye kichwa cha spora. Yote ndani ya saa 24. Takriban seli moja kati ya tano hufa ikawa shina. Kwa kuwa ni watu wa sokoni, koo tofauti zinaweza kuingia mwili mmoja, na ukoo unaokwepa kazi ya shina unapata spora za bure. Hamira, ambayo kishada chake huota kutoka seli moja, haina shida hiyo.

Nguvu inayoonekana ni mshikamano: seli zenye kunata kwa viwango tofauti hujitenga ndani ya fundo kama mafuta na maji. Shina nalo ni mrija wa selulosi uliojaa seli zilizovimba maji, ugumu wake ni wa puto lililojazwa.

Joto ni nyuzi 21 hadi 22. Nakuru, chumba cha kawaida kinafaa muda mwingi wa mwaka. Kisumu, alasiri ya nyuzi 29, mistari inavunjika na minara haisimami. Boksi la barafu lenye chupa mbili za maji yaliyogandishwa, zikibadilishwa asubuhi na jioni, linasaidia, lakini ni kazi ya utumwa.

Kosa namba moja ni kutowaosha. Bakteria wakibaki, amiba hawana njaa na hawakusanyiki. Waoshe mara tatu kwa kuzungusha kwa kasi ndogo, bakteria wabaki juu, kisha mwage amiba milioni moja kwa kila sentimita ya mraba kwenye agari (jeli ya kukuzia) isiyo na chakula. Acha sahani wazi dakika 10 hadi 15 ikauke. Amiba wanaoelea hawafuatani. Wanahitaji bakteria hai kama chakula, jambo ambalo kwa shule ya sekondari isiyo na fundi wa maabara ni sababu tosha ya kuwaacha.

| | Hamira | Mwani | Dictyostelium |
|---|---|---|---|
| Joto | nyuzi 30 | chumba chenye kivuli | nyuzi 21–22 |
| Muda | miezi 2 au zaidi | siku 1–7 | saa 24, mbali na kuwakuza |
| Nguvu | kuzama, mkazo | msambao, mtiririko | mshikamano, mawimbi |
| Mageuzi yanaonekana | ndiyo | hatua zake tu | hapana |
| Kinachoiharibu | kukwangua ukuta, baridi | jua, kioo kuponda | joto, bakteria waliobaki |

Tuseme wewe ni mwalimu wa sekondari Kisumu

Anza na mwani wiki ya kwanza, watoto wakiwa bado na hamu, na siku hiyohiyo washa tyubu nane za hamira: sita za kuzamisha, mbili za kulinganisha. Siku 60 zinaingia muhula wa kwanza au wa pili. Muhula wa tatu ni mfupi, usijaribu. Kila Ijumaa paka hamira ya kila tyubu kwenye agari ya mteremko, iandike namba na tarehe, iweke friji kwa nyuzi 4. Bakteria wakivamia tyubu ya nne siku ya 38, unarudi Ijumaa iliyopita badala ya kurudi mwanzo. Likizo fupi ya katikati ya muhula nayo usiogope: ziweke tyubu zenyewe friji zikiwa zimeshiba, zirudishe Jumatatu, na siku hizo usizihesabu, kwa sababu ndani ya friji hakuna aliyezaa wala aliyechujwa.